Bakuli la Wali Chini ya Mfarishi

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Hwang wa kijiji cha Saebat anaapa kwamba aliona moshi ukitoka kwenye dohani ya nyumba yenye maiti. Anasema aliuona kwa macho yake, asubuhi, theluji ikiwa imefika magotini. Na sote tunajua: chumba cha maiti hakiwashiwi moto. "Yule binti kachanganyikiwa," Bibi Hwang aliwaambia wenzake kisimani. "Anataka kumchemsha mama yake?"

Moshi ulikuwepo kweli. Leo tunamkumbuka mwenye nyumba ile, Mama Tak Bun-rye, mtandika sakafu.

Wengi wenu mmelala juu ya kazi ya mikono yake. Alibandika karatasi juu ya udongo uliofunika mawe ya sakafu, tabaka juu ya tabaka. Kisha alitia soya zilizopondwa na mafuta kwenye mfuko wa kitambaa, akapiga magoti na kusugua kutwa, hadi sakafu ikawa na rangi ya asali. Moto wa jikoni ukipita chini ya mawe, chumba kizima kinapata joto. Maharusi aliwatania: "Mume akikununia, mwanangu, mgeuzie mgongo. Sakafu hii hainuni."

Nyumbani kwake mlikuwa na kabati moja, meza fupi na mifarishi ya pamba. Basi. Pambo lake lilikuwa joto.

Mwanawe, Gil-man, alirudi kutoka mjini na mabomba ya boila, ya kupasha sakafu kwa maji ya moto bila kuni. Nia yake ilikuwa njema. Alichoka kumwona mama yake akikohoa kwa moshi. Lakini sakafu ilibidi ing'olewe, na mama akamwambia: "Ukibandua karatasi hii, umenibandua ngozi." Kijana akamjibu kwamba basi abaki na ngozi yake. Akafunga mlango. Hakurudi tena.

Tangu hapo, kila jioni, Mama Bun-rye alijaza wali kwenye bakuli la shaba, akalifunika, akalilaza chini ya mfarishi upande wa jiko, penye joto kuliko pote. Ni desturi yetu: aliyechelewa huwekewa chake. Yeye alimwekea asiyekuja. Asubuhi wali ule mkavu aliula binti yake, Yeon-ok.

Siku moja alikuja bwana shamba. Akakaribishwa pale penye joto, akanyoosha miguu chini ya mfarishi, akalipiga bakuli teke. Wali ukamwagika wote. Akaona haya, akataka kuinuka. "Keti, baba," Mama Bun-rye akamwambia, huku akiokota punje. "Mwenyewe kachelewa kuliko wewe."

Mwezi huu kifua kilimbana. Maneno yake ya mwisho aliyasikia Yeon-ok peke yake: "Moto usizimike. Asije akakuta sakafu baridi."

Basi, binti afanyeje? Akiwasha, anamvunjia marehemu heshima. Akizima, anavunja neno la mama yake. Yeon-ok alimbeba mama yake, mwepesi kama mfarishi, akamlaza chumba cha nyuma ambako moto haufiki. Akamfungulia dirisha. Kisha akarudi jikoni, akatia kuni upande wa mbele, akapika wali, akaweka bakuli mahali pake.

Alipotupigia simu kutoka duka la kijiji, alisema: "Mama nimempa baridi yake. Kaka nimemwekea joto lake. Bibi Hwang na aseme."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Yeon-ok. Tunawapa pole wote waliopashwa miguu joto na kazi ya mikono ya Mama Bun-rye. Na wewe unayetusikiliza ukiwa mbali, jiulize: nyumbani kwenu, chini ya mfarishi, kuna bakuli la nani?

Yeon-ok alituomba tusome maneno haya, nasi tunayasoma kama alivyoyasema:

"Kaka Gil-man, tunamzika keshokutwa. Mabomba yako yapo ghalani, mama hakuyatupa. Kama unakuja, nitaendelea kutia kuni. Kama huji, niambie, niuache moto uzime."

Simu ya studio iko wazi tangu tulipoanza. Bado haijalia.