Mzee Ndululu na Kona ya Picha Iliyong'aa

Tarehe 31 Desemba 1957 Mzee Ndululu Kisilu anastaafu, baada ya kulitumikia duka letu la vinyago hapa Makindu kwa miaka ishirini na mmoja. Karani anayeandika haya alianza kazi Septemba tu, kwa hiyo mengi amesimuliwa na Mama Syombua wa chumba cha kufungia mizigo.

Mzee aliajiriwa mwaka 1936 kufunga vinyago kwa nyasi kavu kabla ya kupelekwa stesheni. Baadaye akapewa kazi ya polishi. Sheria yake ni moja: mnunuzi haonyeshwi kitu ambacho hakijasuguliwa kikang'aa. Amesugua swala, vijiko, hata kiti cha meneja.

Sheria hiyo nusura impotezee kazi. Mwaka 1954 mchoraji mgeni, Bi. Ingrid, alileta picha kubwa iuzwe kwa wakusanyaji wa sanaa kutoka Nairobi. Haikuwa na mtu, mnyama wala mlima. Ilikuwa rangi nyekundu na nyeusi tu, zilizomwagwa na kukwaruzwa kwa nguvu.

"Woi, Ndululu, huyu alikuwa anagombana na nani?" aliuliza Mama Syombua.

Ndululu hakucheka. Aliona picha haing'ai, akachukua polishi ya viatu na kuanza kusugua. Alikuwa amemaliza kona moja wakati meneja, Bwana Abdulkadir, alipoingia na wageni.

Mkusanyaji mmoja aliikazia macho kona hiyo hiyo. Alisema ndiyo iliyomgusa zaidi, akataka kuinunua picha palepale. Ndululu angeweza kunyamaza.

"Samahani bwana," akasema, "hiyo kona si ya mama mchoraji. Ni yangu. Ni polishi ya viatu."

Mgeni akaondoka bila picha. Bi. Ingrid akaja kuichukua, akaisafisha na kuiuza mwenyewe. Ndululu akaambiwa aende kwao Tawa, asirudi.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya yule mkusanyaji. Aliagiza vinyago arobaini, mradi kila kimoja kikaguliwe na mzee wa polishi. Bwana Abdulkadir alipanda basi mwenyewe hadi Tawa kumwomba arudi. Ndululu alimpa uji kwanza, ndipo akakubali.

Tangu hapo kinyago chenye ufa hukiweka kando, hata kama mnunuzi hajauona.

Mzee wetu, asante sana. Upumzike Tawa ukiwa na afya, na mvua ikufikie shambani. Sisi tunaobaki, hasa tulio wageni kazini, tutakukumbuka kila tutakapokosea.