Damas Chilongani: Kutoka Pikipiki ya Tarishi Hadi Jairoplani

Baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Mzee Damas Chilongani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2002. Wengi mnamfahamu kama rubani wa jairoplani yetu ya njano. Wachache tunakumbuka kuwa aliajiriwa mwaka 1978 kama tarishi, akipeleka barua za kitengo chetu cha kudhibiti ndege waharibifu kwa pikipiki hadi Kibakwe.

Kitengo kilipobinafsishwa mwaka 1994, mwajiri mpya alileta jairoplani ya viti viwili ya kusaka ndege aina ya kweleakwelea kabla hawajamaliza mtama wa wakulima. Juu ina pangaboi kama helikopta, ila linazungushwa na upepo tu. Injini kazi yake ni kusukuma kutoka nyuma. Nafasi ya mafunzo ilipotangazwa, vijana walisitasita. Mzee Damas, mwenye miaka hamsini na miwili, akajiandikisha wa kwanza.

Mwalimu wake, Kapteni Elieth Anyitike, alikuwa na umri wa binti yake. Kila asubuhi alimpa shikamoo kwa heshima zote, kisha akamgombeza mpaka saa nne, upepo ulipochachamaa. Tatizo lilikuwa mazoea ya pikipiki. Chombo kikitikisika kidogo, Mzee alisukuma fimbo ya kuongozea mbele kwa nguvu. Kufanya hivyo hulinyima pangaboi upepo, na likipungua kasi hakuna kingine cha kukushikilia angani. Mara mbili alinyimwa ruhusa ya kuruka peke yake. Mara ya pili aliniambia, akikoroga chai iliyokwisha kupoa, kwamba afadhali arudi kwenye barua zake.

Hakurudi. Kwa wiki tatu aliketi ndani ya chombo kilichozimwa, pale uwanjani, akiufundisha mkono wake upole. Wafagiaji walidhani amesusa. Alipojaribiwa mara ya tatu, akapewa ruhusa.

Machi 1997, juu ya mashamba ya Hombolo, injini ilizima ghafla. Safari hii mkono ulitulia. Alishusha pua taratibu, akalinda mwendo, pangaboi likaendelea kuzunguka, akatua salama katikati ya mtama wa Bi. Sikudhani. Mama huyo alifika na jembe begani, akayatazama mabua yaliyolala, akamuuliza: "Baba, umekuja kuwafukuza ndege au kuwasaidia?" Mzee anasema hofu ilimjia hapo, si angani. Kapteni Anyitike alipofika na Land Rover, alisahau hata shikamoo. Alimkumbatia akalia.

Tangu hapo Mzee amefundisha marubani wanne, na hakuna aliyewahi kuumia. Ameahirisha safari nyingi kuliko rubani yeyote tunayemjua. Mameneja walinung'unika, familia zetu zilimshukuru.

Sasa anahamia Nzuguni na mkewe, Mama Ruthu, ambaye tayari amempangia kazi ya kujenga uzio.

Mzee Damas, asante kwa kuturudisha wote nyumbani. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya furaha na wanao.