Kadi Niliyoitupa Jalalani

Niinueni kidogo, wanangu, kisha kila mtu afunge mdomo wake, maana mimi fundi cherehani niliyewashonea mabibi harusi mia tatu bila kurudia kipimo hata mara moja, leo ulimi unaniteleza na maneno yamebaki ya kuhesabu. Cherehani ni ya kitinda mimba. Chumba cha mbele ni cha kaka yenu fundi magari, ila asithubutu kuingiza spana zake humo. Wewe, kifungua mimba wangu, urithi wako ni mkono wangu huu uliokufa, utazame vizuri.

Zamani nilikwenda kliniki kila miezi mitatu kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, na kabla ya sindano nesi hunipima presha. Hedhi ilipokoma nilishangilia kama mfungwa aliyefunguliwa, nikaitupa kadi jalalani: kliniki ya nini, na mimi sizai tena? Kumbe ndipo nilipopaswa kwenda, maana homoni ya kike ya mwilini mwangu iliyokuwa ikiilinda mishipa ya moyo na ya ubongo ilishaondoka zake, mishipa inakakamaa, presha inapanda kimya kimya. Shangazi yenu huyu aliniambia, “Wifi, kapime.” Nikamjibu, “Kapime urefu wa ulimi wako!” Tukanuniana miaka minne, hadi siku mkasi uliponidondoka juu ya kitambaa cha watu, mdomo ukaenda upande, na aliyenibeba mgongoni akawa yeye yule. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika nusu mwili. Wifi, nisamehe, na hawa wasikie.

Sasa wewe, kifungua mimba, binti yangu, una miaka arobaini na tano, hedhi imekukoma mapema kuliko mimi, kichwa kinakugonga tangu juzi, nawe unasema ni mambo ya utu uzima, yatapita. Usinitolee macho, nimekuzaa mimi. Shangazi yako amekuja na mashine ya presha, toa mkono. Toa, nasema!

Ngapi? Mia na tisini? Pima tena, Wifi.

Haya. Dume langu, gari lako hilo la kusukumwa, leo liwake! Mpelekeni hospitali sasa hivi, na dawa akipewa asiziache hata akijiona mzima. Hapana, mama, usinishike miguu. Mimi hata mkinikumbatia wote nitaondoka tu, wewe bado unarudishika. Nimekuridhia... nimewaridhia wote, Mungu awape... awape miaka niliyoichezea mimi. Nendeni. Mlango... uacheni wazi... nisikie gari likiondoka.