Saini ya Mtu Mzima

Ndani ya basi la asubuhi mjini Duluth, Marekani, mzee Harlan Tveit alijificha nyuma ya gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Hapo msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, amepakata blanketi la viraka, alikuwa akimlalamikia mama mmoja asiyemjua.

“Mradi wa kuhitimu lazima uufanye mwenyewe. Nimeshona mwenyewe, mama, kila kiraka! Sasa shuleni wamenirudishia fomu, wanataka saini ya mtu mzima aliyenielekeza masaa kumi na tano.”

“Kwani nani alikuelekeza?”

“Daftari la bibi yangu. Naye ni marehemu, tena ndugu hawakubaliwi.”

“Ngoja, mwanangu, nimepotea. Ufanye peke yako, halafu uthibitishe kwamba hukuwa peke yako?”

“Ndiyo. La sivyo Juni sivai joho.”

“Lete hiyo fomu nitie saini.”

“Lakini hujanifundisha kitu!”

“Mshono wa pembeni umepinda. Haya, nimeshakufundisha.”

“Hiyo ni nusu dakika, mama.”

Mama akacheka, kisha akakunja uso. “Hivi ni nani aliyetunga balaa hili?”

Gazeti la Harlan likapanda hadi kwenye nyusi. Miaka tisa nyuma, akiwa bado mwalimu wa useremala, alinyoosha mkono kwenye kamati ya shule kuipitisha kanuni hiyohiyo. Basi likasimama mbele ya shule. Msichana akashuka na blanketi lake, fomu haina saini, na Harlan bado anajaribu kukumbuka walikuwa na sababu gani.