Maganda Niliyoyasugua kwa Ajili ya Harusi

Majirani zangu, akina mama mliojaa uani, na ninyi wanaume mnaosikiliza ng'ambo ya pazia, wasifu huu nausoma mwenyewe kwa sababu marehemu nilimzaa mwenyewe.

Sherzaman mwana wa Amal Gul alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Darra Adam Khel, mji wetu wa mafundi bunduki, katika chumba hiki nyuma yangu, mtoto wangu wa tatu na wa pekee aliyeishi, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1979, si kwa ujinga, baba yake alikufa na karakana ikabaki haina mtu.

Mwaka 1985 alianza kujaza upya risasi za ile bunduki ndefu ya vita waliyotuachia Waingereza, analichukua ganda lililokwisha kupigwa, analinyoosha, analitia fataki, baruti na kichwa kipya, na kila akilijaza analichora mstari mmoja wa sindano kitakoni, likifika mistari mitano analitupa kwenye debe la kuyeyushwa, maana shaba nayo huchoka. Kwa miaka thelathini na tisa hakuna risasi yake iliyomrudia mpigaji.

Tarehe 2 Oktoba 1992 alimwoa Shahparai, huyu hapa, wakapata mwana, Nurzad, na binti, Spogmai.

Spogmai aliolewa Ijumaa, 8 Novemba 2024. Haji Gulbat, jirani yetu, alikuwa amepiga hewani risasi mia mbili za shangwe harusini kwa mwanawe, sisi tulikuwa na maganda mia na sitini, nikaona aibu, nyumba ya mjaza risasi ishindwe na nyumba ya muuza ng'ombe! Nikachota arobaini kwenye debe, nikayasugua kwa vumbi la tofali na ukwaju kama tunavyosugua masufuria, yakang'aa, mistari ikafutika. Mwanangu akauliza, “Mama, haya yametoka wapi?” nikamjibu, “Mapya hayo, kaleta mjomba wako, we jaza, maswali kama polisi!” Akacheka, akajaza.

Alipiga mwenyewe, bwana harusi akiwa mlangoni. Risasi ya tatu ilipasuka kitakoni, moto na vyuma vikarudi usoni. Alilazwa Peshawar siku kumi na moja, hakuniuliza tena, akafariki tarehe 19 Novemba alfajiri.

Sasa nasikia mnanong'ona, “Sherzaman mkono ulishazeeka, alizidisha baruti,” na wateja wanamrudishia Nurzad mifuko ya risasi alizojaza baba yake. Baruti ilikuwa sawasawa. Mkono ulikuwa sawasawa. Maganda mabovu nilimpa mimi, nikamdanganya, na hakuna aliyenituma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na Haji Gulbat aliyetoa gari lake bila kuombwa.

Shahparai, mwanangu, ndiyo kwanza unasikia, usiniombee msamaha kwa mtu.

Lala, Sherzaman. Jina lako ni safi, mimi nitabaki na langu.