Mdomo wa Sugandha

Benchi la Dagdu muuza chai linatazama lango la shule, nasi hulikalia kila asubuhi: mimi, Bhiku tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani Satara mara moja tu, na Yamuna, ambaye ni Redio, wala sielezi kwa nini. Jumatatu ile chai ilipoa vikombeni. Mjukuu wangu Sugandha, wa miaka kumi na minne, alikuwa hajala mkate wa mtama kwa siku ya tatu. Mdomo haupitishi vidole viwili, na shavuni kwa ndani ana doa jeupe. Kesho yake nilikuwa nimpeleke hospitali.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Wakili. Kwa hiyo ni maji ya kisima.

— Methali hiyo umeiokota wapi, Wakili? nikamwuliza. Irudishe.

Redio akasema ni simu, msichana anailalia shavu. Tulipomkatalia, akapanda juu zaidi: mamake alikata mboga siku ya kupatwa kwa mwezi, akiwa na mimba yake.

— Mwezi gani huo, nikamuuliza, unaongoja miaka kumi na minne?

Hapo akatoka shuleni yule binti wa utafiti, aliyekuwa akikagua vinywa vya wanafunzi. Dagdu akampisha. Akatuambia amewauliza wasichana arobaini na wawili kama wanatumia tumbaku, Sugandha akiwamo, na wote wamejibu hapana. Karatasi ya Sugandha ndiyo atakayoisoma daktari kesho.

— Hawakudanganya, nikamwambia. Kwetu tumbaku ni ya wanaume. Wanaibana shavuni na kututemea kuta.

— Sawa, bibi. Asubuhi Sugandha anasugulia nini meno?

— Mishri, ule unga mweusi, kama sisi sote.

— Na mishri mnaitengeneza kwa kitu gani?

Redio akavuta ncha ya sari, akajifunika mdomo. Wakili akachungulia kikombe chake. Sote tunanunua majani yale yale ya tumbaku gulioni Alhamisi, tunayakaanga kavu hadi yawe meusi, tunayasaga. Sugandha alikuwa na miaka minane, akilia kwa maumivu ya jino. Nilimpaka mishri kwa kidole changu mwenyewe, akanyamaza, nami nikajisifu.

Binti alingoja, kalamu mkononi.

— Futa hapana, nikasema mwishowe. Andika ndiyo. Na daktari akiuliza nani alimfundisha, andika jina langu.