Msiipake Vanishi Picha ya Baba Yenu

Sogeeni wanangu, na wewe Gustave usijifiche nyuma ya dada yako Mathilde, maana harufu ya vanishi yako imenifikia hapa kitandani kabla ya padri na mafuta yake matakatifu. Asubuhi nimetubu yote isipokuwa hasira hii, na Mungu anisamehe, siitubu mpaka niiseme.

Ile picha yangu nikimenya njegere dirishani asubuhi, baba yenu Anselme aliichora akaiacha bila kung'aa kwa makusudi, ili mwanga utulie juu yake kama unavyotulia ukutani. Wewe unaniambia, "Mama, wanunuzi wa Paris wanapenda kinachometameta." Wakanunue masufuria. Vanishi itageuka manjano, na asubuhi yangu ile itakuwa jioni ya moshi.

Aproni yangu pale haina rangi nyeupe hata chembe, ni buluu, waridi na kijani, amezidonoa kwa brashi moja kando ya nyingine bila kuzichanganya, na ukirudi nyuma unaiona nyeupe. Nilipolalamika alinijibu, "Ukitaka nyeupe, Léontine, kaolewe na muuza unga wa ngano." Kivuli cha shingoni akakipaka zambarau, padri wa wakati ule alipoiona akaniita pembeni kuniuliza kama napigwa nyumbani. Tulicheka mpaka njegere zikamwagika.

Na pale chini, palipobaki kitambaa kitupu, ambapo yule fundi uliyemleta anataka kuchora chungu cha maua eti hapajamalizika, ndipo kilipokuwa kitanda cha dada yenu Odile. Aliamka akilia, nikamnyanyua, baba yenu akasema atampaka kesho, mwanga ukirudi ulivyokuwa. Ikanyesha mfululizo, na kabla jua halijarudi homa ikamchukua mtoto. Baba yenu hakuthubutu kupagusa tena. Sina picha nyingine ya mwanangu, Gustave. Wewe unataka kumfunika kwa maua ya sokoni.

Nyumba na bustani ni zenu nyote wawili, msigombane. Picha ni ya Mathilde. Ikae jikoni, ielekee dirisha, bila kioo, bila chochote.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Gustave, ichukue hiyo chupa. Fungua dirisha, uimwage juu ya mawe, niisikie ikimwagika.

Bado. Yote, mwanangu.

Haya. Sasa hasira imekwisha. Njooni niwashike vichwa. Mungu awalinde, awape… Hapana, Mathilde, usilifunge. Acha mwanga uingie.